Mkono Uliogusa Hati ya Maji

Septemba 24

Mvua ya kwanza imeshuka leo saa nane kutoka mlimani, na biro yetu nzima, ofisi na meza zake, ikanuka udongo. Naanza daftari hili jipya kwa sababu lile la zamani liliingia maji mwaka jana, ziwa lilipopanda mpaka kwenye miguu ya meza zetu. Sasa naandika kwa kalamu, mimi ambaye kazi yangu ni mashini. Mtu asinicheke.

Kwa ajili ya siku nitakayosoma haya nikiwa mzee na nimesahau: naitwa Laure, nakaa Kilibula, natunza mashini za biro ya upatanisho. Watu wa hapa Uvira na wa bonde la Ruzizi wakigombania mpaka, mbuzi au maji ya mpunga, wanakuja kwetu, wanazungumza mpaka koo zikauke, kisha makubaliano yao yanaandikwa. Anayeandika ni Mama Bernardine, sekretere wetu, miaka ishirini na tatu kwenye kiti kile kile. Programu anayoandikia niliitengeneza mimi. Hati inafunguka ndani ya dirisha la programu, unaandika humo humo, na ukitaka kufunga inakuuliza: "Hati imebadilika. Kuhifadhi?" Ukisema ndiyo, jina lako na saa vinaingia kwenye orodha, na nakala inawekwa kando.

Naijivunia sana orodha ile. Siku ya kuizindua nilisema hakuna mtu atakayegusa hati ya mwenzake bila kujulikana. Watu walipiga makofi.

Septemba 27

Mvua. Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Oktoba 2

Kila msimu, kabla mfereji wa Bwegera haujafunguliwa, na tena kila wanapomwomba, Mama Bernardine anawapigia simu wakulima wa mpunga. Wengi wao hawakusoma. Anafungua hati ya maji, ile inayogawa zamu za mfereji, anabana simu kwa bega, na maneno ya Kifaransa yaliyo kwenye kioo anawasomea kwa Kirundi, mstari kwa mstari. Huko kwao wamekaa wameizunguka simu moja, wanaitikia "ego, ego", ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Anasema makubaliano yasiyosomwa yanaoza.

Leo alisoma na mvua ikinyesha. Sauti yake ikaingia ndani ya mvua, mvua ikaingia ndani ya Kirundi, nami nikawa niko macho na siko. Niliona maji yakipita katikati ya meza zetu taratibu, kila mtu akingoja zamu yake. Alipomaliza, mashini ikamuuliza swali lake, akabonyeza ndiyo bila kuangalia.

"Mama, unajua imekuuliza nini?"

"Imeniuliza kama niko sawa. Nimeijibu ndiyo."

Nilicheka. Mungu wangu, nilicheka.

Oktoba 9

Nimechelewa kufika kwa sababu ya matope, na nilipoingia nikakuta mwanaume kijana amesimama katikati ya biro, kofia mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Ni Osée wa Bwegera. Baba yake, mzee Havyarimana, alikufa mwezi wa sita, na sasa Osée ndiye anashika shamba. Jirani yao ni Nyandwi. Mwaka jana wazee hao wawili walikuja kwetu wakagawana maji ya mfereji: Havyarimana Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Nyandwi Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili mfereji unapumzika.

Osée akatoa karatasi ya baba yake ndani ya mfuko wa plastiki. Ina sahihi na muhuri wetu. Siku tatu.

"Juma ile huyu mama alitusomea kwa simu," akasema. "Alisoma siku mbili kwa papa, ine kwa Nyandwi. Bon. Jumatano ya papa imeenda wapi? Ilizikwa pamoja naye?"

Mkubwa wa biro yetu, Papa Achille, akaniambia nifungue hati. Nikaifungua. Siku mbili, kweli. Na chini kabisa, pale ambapo karatasi ya Osée imeandikwa "Fait à Uvira, le 14 février", yaani imefanywa Uvira tarehe 14 Februari, ya mwaka jana, kwenye kioo palikuwa na "Fait à Uvira, le 9 octobre". Tarehe ya leo.

Osée aliisoma kwa sauti, polepole. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo papa yangu amesaini leo. Yeye muntu wa kaburini."

Mama Bernardine alikuwa amekaa, mikono juu ya mapaja, anaangalia mikono yake. Mimi nikaifunga hati ile haraka, bila kuhifadhi, kama mtu anayefunga mlango mbele ya mbwa.

Oktoba 10

Kikao. Papa Achille aliniambia nifungue orodha mbele ya wote, orodha yangu ninayojivunia. Hati ya maji, tangu siku ilipowekwa sahihi: imebadilishwa mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja, jina ni Bernardine.

"Mama," Papa Achille akasema, na sauti yake haikuwa mbaya, "tuelezee. Mara kumi na moja!"

Mama Bernardine alisimama. Ni mtu mfupi, akisimama hazidi mtu aliyekaa. Akasema: "Kile niliandika, niliandika. Kile sikuandika, sikuandika."

"Iko jibu gani hilo, Mama?"

"Ni lenye niko nalo kwa sasa."

Nilitaka kumtikisa. Jamani, mtu anatetewa na nini kama mdomo wake mwenyewe haumtetei! Amerudishwa nyumbani Nyamianda mpaka komite itakapoamua, Novemba 30. Ikiamua alighushi, atafukuzwa, na barua ya kumfukuza itasomwa kwa sauti katika kila kijiji ambacho aliwahi kukiandikia hati. Ndiyo sheria yetu. Miaka ishirini na tatu ya vijiji.

Alichukua mwavuli wake na kikombe chake.

Oktoba 11

Nimetoa nakala zote kumi na moja zilizowekwa kando, nikaiacha mashini izilinganishe faili kwa faili. Nilikuwa na matumaini. Zote ni tofauti. Hakuna hata mbili zinazofanana, hata ukubwa wake haufanani.

Oktoba 12

Mama Bernardine, aliyenifundisha kuandika kwa vidole kumi. Mara kumi na moja.

Oktoba 13

Nimemwota. Alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji kifuani, anachota kurasa kwa kapu la kuanulia ndagala, dagaa wetu, na kila ukurasa akiutoa unamwagika maneno. Nikamwita, akageuka, akasema "niko sawa". Nimeamka na hasira. Nilimkasirikia yeye, si mwingine, na naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Oktoba 14

Lazima niandike hili taratibu.

Leo mchana nilibaki peke yangu biro. Mvua ilikuwa nzito, ng'ambo ya Burundi imefutika, ziwa na mbingu rangi moja. Nilifungua hati ya maji ili niichukie vizuri. Kisha usingizi wa mvua ukanishika, nikaweka shavu juu ya meza, mikono yangu miwili chini ya kidevu, na nikabaki naangalia kioo kwa ubavu.

Na ule ukurasa ukasogea.

Nilidhani ni macho. Chini, namba iliyosema ukurasa 1 wa 1 ikageuka ikawa 1 wa 2. Mstari wa mwisho ukashuka kidogo, ukatulia. Na tarehe, "Fait à Uvira, le", ilikuwa 14 octobre. Mikono yangu bado iko chini ya kidevu! Ukurasa unajipanga wenyewe, unajihesabu, unajiandikia siku. Niliuangalia muda mrefu, nikausikia kama unapumua.

Halafu nikakumbuka, na aibu ikanishika mpaka masikioni. Tarehe ile niliiweka mimi. Miaka mine iliyopita, nilipotengeneza kiolezo cha hati zetu, niliweka tarehe inayojiandika yenyewe, ili Mama Bernardine asichoke kuandika. Inajiandika siku ya kutia sahihi, ndiyo. Na inajiandika tena kila siku mtu anapofungua. Hati zetu zote, za mbuzi, za mipaka, za maji, zinadai zimefanywa leo.

Nikafunga. "Hati imebadilika. Kuhifadhi?" Nikasema ndiyo, nione. Orodha ikaandika: Laure, Oktoba 14, saa tisa na dakika kumi na mbili. Mara ya kumi na mbili.

Sikugusa hata herufi moja, na mimi pia ni mghushi.

Oktoba 16

Nimefungua hati ishirini bila kuandika chochote. Kumi na nane zimesema zimebadilika. Hizo mbili nyingine sijui zilikuwa na nini, labda zilichoka.

Oktoba 17

Nimemwambia Papa Achille. Alikuwa anapaka viatu vyake rangi, maana anasema mkubwa wa biro asionekane na matope, hata dunia nzima ikiwa matope.

"Papa, orodha inadanganya. Mama Bernardine alikuwa anasoma. Anawasomea watu kwa simu, anafunga, mashini inamuandika kama amebadilisha."

"Mara zote kumi na moja?"

"Sijui."

Akaweka burashi chini. "Laure, minye niko mutu wa zamani, unifafanulie vizuri. Tarehe ilijibadilisha yenyewe. Nakubali. Na Jumatano? Mashini inaweza kuamka ikakata Jumatano ya Havyarimana, ikaipa Nyandwi?"

Mashini haijui Jumatano.

"Nikimuambia Osée mashini ilikosa, ataniuliza hilo hilo. Weye ndiye ulituletea hii orodha. Basi niambie, kati ya hizo kumi na moja, ngapi ni mashini, na ngapi ni mukono wa mutu. Maji ukiyavulia nguo yaoge."

Oktoba 20

Ziwa limefika kwenye ngazi ya tatu. Tumehamisha kabati.

Oktoba 23

Leo nimeaibika mbele ya biro. Nilifikiri nimepata dawa nyepesi: programu ya kuandikia ina alama yake ya ndani inayosema "nimebadilika". Nikaiamuru, hati ikifunguka, ingoje kidogo mpaka ukurasa utulie, kisha ishushe alama ile. Chochote kitakachokuja baadaye kitakuwa cha mtu. Nilijiona fundi.

Papa Achille akafungua barua, akaandika mstari wa kwanza mara moja, kwa haraka yake ile, akafunga. Mashini haikumuuliza kitu. Mstari ukapotea. Aliandika kabla alama haijashushwa, na mashini ikaufuta mkono wake pamoja na ujinga wake yenyewe.

"Mbele ilikuwa inasingizia wenye hawakuandika," akasema. "Sasa inanyamazia wenye wanaandika. Uko unaendelea vizuri, Laure."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilikwenda kulia kwenye kibanda cha betri za sola.

Novemba 2

Siku ya wafu. Watu wamepanda makaburini na miavuli, kutoka chini wanaonekana kama uyoga unaotembea. Nimemuombea mzee Havyarimana, ambaye sikumfahamu, na nikamuuliza Jumatano yake. Hakujibu.

Novemba 5

Nimeipata.

Nilikosea kuiuliza mashini kama hati imebadilika. Kwake kila kitu ni badiliko: namba ya ukurasa, tarehe, upana wa karatasi. Nimeacha kuiuliza. Sasa, hati ikifunguka, programu yangu inachukua maneno peke yake, yale ambayo mtu anaweza kuyaandika kwa vidole: inaacha tarehe inayojiandika, inaacha namba za kurasa, inaacha mipango yote ya mistari. Inayaweka maneno hayo pembeni. Ukifunga, inayachukua tena na kuyalaza juu ya yale ya kwanza, kama unavyopima kitenge kwa kitenge. Yakilingana, hakuna mtu aliyegusa. Kwa hiyo hata ukiandika sekunde ya kwanza, utaonekana.

Nimepima hati ishirini zile zile, nikinyamaza. Zote ishirini: hakuna badiliko. Nimeandika herufi moja katika ya saba: badiliko. Nimeifuta: hakuna. Nilicheza peke yangu katikati ya biro, na mvua ilikuwa inapiga bati.

Kesho nakala kumi na moja.

Novemba 6

Kumi ni kusoma. Kumi! Maneno ni yale yale, hakuna herufi iliyohama. Kila moja ni Mama Bernardine na simu yake begani.

Moja ni mkono. Mei 11, saa nne asubuhi. "Siku tatu" imekuwa "siku mbili", jina la Jumatano limevushwa kwa Nyandwi. Dakika mbili za kazi. Mei 11 Havyarimana alikuwa bado hai.

Nimerudia mara tano. Moja.

Novemba 7

Naandika kitu ambacho sitamsomea mtu. Naweza kuiambia programu isihesabu badiliko dogo, lililo chini ya maneno kumi, tuseme. Ni mstari mmoja. Orodha itasema sifuri, Papa Achille atasaini, Mama Bernardine atarudi kesho. Nani hapa atajua? Sijui hata kama ni uovu. Nimeuandika mstari ule, nikautazama mchana mzima huku mawingu yakishuka mlimani yakipita dirishani kama watu wanaokwenda misa. Sikuuhifadhi. Sikuufuta pia.

Novemba 8

Nimekwenda Nyamianda. Mama Bernardine alikuwa kibarazani, anachambua mchele wa Bwegera kwenye ungo. Amekonda. Nikamsalimia kwa magoti kama nilivyofundishwa, akaniambia nikae.

"Mama, kumi si zako. Nimezisafisha."

"Asante, mwanangu."

"Moja imebaki. Mei 11."

Vidole vyake vikasimama ndani ya mchele.

"Ile ni yangu," akasema.

Basi akanieleza. Mwezi wa ine mafuriko yalijaza mchanga kwenye mfereji, upande wa chini, upande wa Nyandwi. Maji yakifunguliwa Alhamisi, siku nzima yananywewa na mchanga, yanafika kwake jioni. Mzee Havyarimana, mgonjwa tayari, alitembea na fimbo yake mpaka huko chini, akaona. Asubuhi ya Mei 11 wakampigia simu wote wawili pamoja, yeye na Nyandwi, wamekaa kwenye ukingo wa mfereji. Havyarimana akasema: mpe Nyandwi Jumatano, uandike. Mama Bernardine akaandika, akawasomea, wakaitikia.

"Yesu wangu! Kwa nini hukusema kwenye kikao, Mama? Kwa nini?"

"Kwetu msiba ukiwa haujamalizwa, mali ya marehemu haisemwi. Mjane wa Havyarimana, Ninahazwe, ndiye alisikia, simu ilikuwa yake. Aliniomba nimungojee mpaka siku ya kumaliza msiba. Ningesema minye kabla yake, watu wangesema Ninahazwe anagawa shamba na maiti iko bado na moto. Na Nyandwi, nani angemuamini? Yeye ndiye alipata."

"Na komite ikikufukuza kabla?"

"Msiba unaisha Novemba 22. Komite iko tarehe 30. Nilihesabu." Akapeperusha ungo, makapi yakaruka. "Sikuhesabu kumi na moja. Hiyo ilinishtua, Laure. Nilifikiri nitaulizwa ya moja."

Nikamwambia juu ya mstari wangu, ule wa sifuri. Nilijua nitamwambia tangu nikiwa njiani.

"Andika moja," akasema. "Ukiandika sifuri, hata minye sitaiamini tena ile mashini yako. Nami sitakuamini weye."

Niliporudi biro niliufuta mstari ule.

Novemba 15

Mvua, mvua, mvua. Nimeondoa tarehe inayojiandika kwenye hati zote. Imenichukua siku tatu kurudisha kila makubaliano kwenye siku yake ya kweli, nikisoma karatasi za sahihi moja moja. Nilikuwa nikiona watu wale, kama wamekaa tena mbele yangu: mwenye mbuzi, mwenye mpaka, wajane wawili na shimo la udongo wa matofali.

Novemba 22

Tumefika Bwegera saa tatu, mimi na Mama Bernardine, nyuma ya pikipiki mbili. Baada ya Sange, mpunga mchanga pande zote, majani yanafungua mdomo kwa maji, na anga iko chini chini. Nilitamani barabara isiishe.

Kwa marehemu watu walikuwa wamejaa uani, wanawake upande huu, wanaume kule, mitungi ya pombe ya ndizi katikati. Mapadri walikwisha kupita asubuhi. Mzee wa ukoo akasema maneno marefu kwa Kirundi, Mama Bernardine ananinong'oneza. Akataja watoto. Akataja shamba. Kisha akauliza kama kuna neno ambalo marehemu aliliacha kwa mtu.

Mama Ninahazwe akasimama. Amevaa nguo mpya, leo ndiyo ametoka katika weusi. Hakupandisha sauti.

"Iko neno. Mwezi wa tano mume wangu alimpa Nyandwi Jumatano ya maji. Alikwenda mwenyewe kuona mchanga. Simu ilikuwa yangu, minye niliishika karibu na mdomo wake kwa sababu alikuwa anakohoa. Alisema: mtu hawezi kula mpunga kama jirani yake anamwagilia mchanga. Mama Bernardine aliandika, akatusomea, tukasema ego."

Osée aliinuka, kikombe mkononi. Nilimuogopa. Alikuwa mweupe midomoni.

"Na mama, mbona minye hukuniambia?"

"Weye hukuniuliza. Ulichukua karatasi, ukaenda Uvira."

Hakuna aliyecheka. Osée alibaki amesimama, pombe ikimtiririka kwenye vidole bila kujua. Nyandwi, mtu mrefu mwenye koti lililochakaa mabegani, alikuwa ameinamisha kichwa. Mwishowe Osée akamuuliza, kwa sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi:

"Sasa hii maji inafika kwako saa ngapi?"

"Jua likizama," Nyandwi akasema. "Siku zingine hayafiki kabisa."

Osée akakaa. Akampitishia Nyandwi kikombe chake.

Njiani kurudi nililia ndani ya mvua, na hakuna aliyejua yapi ni machozi na yapi ni mvua.

Novemba 30

Papa Achille alisoma raporo niliyoiandika mbele ya komite nzima. Mara kumi ni kusoma, mara moja ni mkono wa Bernardine, na ule mkono uliandika neno la mwenye maji. Osée alikuja kwa miguu yake, akasema mbele ya wote kwamba baba yake alikuwa na haki ya kutoa, na kwamba yeye ameongeza majembe mawili ya kuchimbua ule mchanga.

Papa Achille hakumuacha Mama Bernardine aende bure. "Simu ni simu," alimwambia. "Siku ingine waje, au weye uende, na mashahidi wawili." Akajibu "ndiyo, Papa", kama mtoto wa shule. Kisha akarudishiwa kiti chake. Barua haitasomwa kokote.

Nilisimama nami. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema: "Nilitengeneza orodha inayomwita msomaji mghushi. Kwa miaka mine mlipiga makofi, na minye nikafurahi. Munisamehe." Papa Achille akakohoa, akasema kikao kimefungwa.

Desemba 4

Mama Bernardine amerudi leo. Amefuta meza yake mara tatu, amepanga penseli zake, ameweka kikombe mahali pake. Mvua ilikuwa imetulia, ziwa linang'aa mpaka linatia usingizi. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

Halafu akaniuliza, bila kuniangalia:

"Laure. Weye uliamini nilighushi?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna programu ya kulipima neno lile.

"Siku tatu, Mama. Kutoka tarehe kumi na moja ya Oktoba mpaka kumi na tatu. Niliamini kabisa, na nilikuchukia."

Akahesabu kwa vidole, taratibu: kimoja, viwili, vitatu. Akabaki ameshika kile cha tatu.

"Minye nilikushuku weye mwezi nzima," akasema.

"Mimi? Ju ya nini?"

"Nilisema orodha ni ya Laure, ufunguo ni wa Laure. Laure ndiye aliongeza zile kumi, anataka kiti. Usiku na mchana nilikuwa nakusema mbele ya Mungu, nikimuomba akuonyeshe aibu. Mpaka siku ulikuja kwangu ukaniambia ile mambo ya sifuri."

Mwezi mzima, nikimtafutia njia ya kutoka, yeye alikuwa ananishitaki mbinguni.

"Na alinionyesha, Mama," nikasema. "Aibu alinionyesha."

Alianza kucheka yeye, kisha mimi, mpaka Papa Achille akatoa kichwa mlangoni kuuliza kuna nini. Tulipomaliza kucheka tulikuwa tunalia, wote wawili, tumeshikana mikono juu ya meza. Akajipangusa kwa pindo la kitenge, akanipangusa na mimi, kwa nguvu, kama unavyompangusa mtoto wako.

Kisha akaniuliza kama nimekula.